Sedani ya Spoti kwa Bajeti ya Wastani: Usianze na Injini

Mtu anayetafuta sedani ya spoti kwa mara ya kwanza karibu kila mara huanza vilevile. Anafungua matangazo ya magari, anaweka kikomo cha fedha yake, kisha anayapanga kwa nguvu za farasi, kubwa juu na ndogo chini. Matokeo yanamchanganya. Kwa fedha ileile anaona gari jipya la nembo ya kawaida lenye farasi 200, na pembeni yake gari la miaka 12 lenye farasi 300, viti vya ngozi na nembo inayogeuza shingo za watu. Anajiuliza siri iko wapi. Siri haipo. Waliolimiliki lile la pili wameshajua linakula nini, na bei yake imeshushwa na hayo wanayoyajua.

Turudi nyuma kidogo, maana jina lenyewe linapotosha. Sedani ya spoti ni gari la milango minne lenye buti, la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, ambalo aliyelibuni alimkumbuka dereva pia. Aina hii ilipata sura yake miaka ya 1960. BMW, ambayo mwaka 1959 ilibaki kidogo tu iuzwe kwa Daimler-Benz, ilijiokoa kwa sedani yake ndogo ya 1500 iliyofuata muda mfupi baadaye. Mwaka 1962 Alfa Romeo ikatoa Giulia, gari lenye umbo la sanduku, injini ya cc 1,570 yenye kamshafti mbili (vile vyuma vinavyofungua vali za injini), na gia tano wakati wengi walikuwa na nne. Wajapani wakaja na Datsun 510 mwaka 1967, ambayo toleo lake la 1600 SSS lilishinda Safari Rally ya 1970. Giulia ile ya kwanza haikufikisha hata farasi 100. Gari la kawaida la familia la leo lingeiacha mbali kwenye barabara iliyonyooka. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa nyepesi, usukani wake ulisema ukweli, na ukiingia nayo kwenye kona ilikwenda pale ulipotaka.

Hilo ndilo ninaloomba ulishike kabla ya kutoa hata senti: unachokinunua ni uzito, sasipensheni, breki na tairi, halafu ndiyo injini. Na kwa bajeti ya wastani, unanunua pia hali ya vitu hivyo, siyo tu ubora viliokuwa nao siku gari lilipotoka kiwandani.

Farasi mmoja anabeba kilo ngapi?

Hesabu ya kwanza ya maana ni kugawanya uzito kwa nguvu. Honda Civic Si ya kizazi kilichoanza 2022 ina farasi 200 na kilo 1,340 hivi, kwa hiyo kila farasi anabeba kilo 6.7. Hyundai Elantra N ina farasi 276 na kilo kama 1,450, yaani 5.3. Sasa chukua Toyota Altezza RS200 ya 1998, injini ya lita mbili isiyo na tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa injini na kushindilia hewa ndani ya silinda), farasi 210, kilo kama 1,350. Hiyo ni 6.4. Kwenye karatasi, gari la karne iliyopita linaizidi Civic ya leo.

Ukiendesha yote mawili utaona karatasi imeficha jambo. Altezza inatoa nguvu yake yote injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, na msukumo wake mkubwa, Nm 216 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha msukumo huo), unapatikana kwenye 6,400. Civic ina tabo, na inatoa Nm 260 kuanzia mizunguko 1,800 tu. Kwenye foleni, kwenye mlima, ukitaka kulipita lori, Civic inavuta palepale unapokanyaga mafuta. Altezza lazima ushushe gia mbili na kuiacha ipige kelele. Wapo wanaoipenda kelele hiyo, na mimi ni mmoja wao, lakini ukiwa unarudi kazini jioni umechoka utaiona ni kazi nyingine.

Na nguvu inadai kusimamishwa. Umbali wa kusimama hauongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka kilomita 100 kwa saa ukafika 140, nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza inakaribia kuwa maradufu. Gari zito lenye farasi wengi linakula diski na pedi kubwa, na pedi kubwa zina bei kubwa. Ndiyo maana nikipewa kuchagua kati ya farasi 50 za ziada na kilo 150 zilizopungua, nachukua kilo. Uzito ukipungua, gari linaondoka vizuri zaidi, linasimama mapema, linapinda kwa wepesi, na tairi zinaishi. Farasi wa ziada wanakusaidia kwenye kuondoka tu.

Nani anasukuma, nani anapinda

Wabishi wa magari wanaweza kukesha kwenye swali la gari kuvutwa na tairi za mbele au kusukumwa na za nyuma. Lenyewe si gumu. Tairi ina mshiko wake wenye kikomo, na sehemu inayogusa lami ni kama kiganja cha mkono. Gari linalovutwa kwa mbele linazidai tairi zilezile mbili kuvuta na kupinda kwa wakati mmoja. Ukizidisha mafuta katikati ya kona, pua inakwenda nje. Dawa yake ni difu maalumu inayozuia tairi moja kuzunguka bure na kuhamishia msukumo kwenye yenye mshiko. Civic Si inayo, Elantra N inayo, Volkswagen Jetta GLI inayo. Sedani ya kuvuta mbele iliyobandikwa maandishi ya spoti ila haina difu hiyo, iangalie mara mbili.

La kusukumwa nyuma linagawa kazi: mbele wanapinda, nyuma wanasukuma. Usukani unakuwa mwepesi na mkweli, ila kwenye mvua, tairi zikiwa zimekwisha, mkia unaweza kukupita. La kuvuta tairi zote nne, kama Subaru WRX, linaondoka kwenye tope na mvua kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini kuna kosa ambalo watu wanalilipia kwa ajali: kuvuta kwa nne hakukusaidii kusimama. Gari lolote lina breki nne, na kwenye kufunga breki wote wanategemea kiganja kilekile cha mpira.

Sasipensheni ya nyuma nayo inasema mengi kuhusu pesa ilikokwenda. Magari mengi ya bei ya chini yana boriti moja inayounganisha tairi mbili za nyuma, hivyo tairi moja ikirukia shimo, mwenzake anasikia. Jetta ya kawaida ya kizazi cha saba ina boriti hiyo. Ndugu yake GLI amewekewa mikono kadhaa inayoiacha kila tairi ijitegemee. Boriti si dhambi, wapo waliotengeneza boriti nzuri sana, lakini unapolipa zaidi kwa ajili ya neno la spoti, chungulia chini uone kama kuna kilichobadilika zaidi ya rimu na bampa.

Nina kona moja ninayoitumia kujaribia magari. Inapinda kushoto, na katikati yake pana mshono wa lami ulionyanyuka kidogo. Naingia kwa mwendo wa kawaida kabisa, kilomita 50 kwa saa, mikono ikiwa imelegea. Gari zuri linapiga ule mshono mara moja, tup, halafu linaendelea na mstari wake. Gari lenye shokapu zilizochoka linaruka kando nusu hatua, linayumba, na mikono yako inajikuta inasahihisha usukani bila wewe kuamua. Hakuna karatasi ya takwimu itakayokuambia hilo.

Njia tatu za fedha ya wastani

Njia ya kwanza ni gari jipya au la miaka miwili mitatu, toleo lililochangamshwa la sedani ya kawaida: Civic Si, Elantra N, Jetta GLI, WRX yenye injini ya lita 2.4 na farasi 271. Si kila nchi inayapata yote. Faida yake ni kwamba mwili wake ni wa gari linalouzwa kwa maelfu, hivyo vioo, taa, milango na nusu ya spea zinapatikana kwa bei ya kibinadamu. Hasara ni kwamba ndani utakutana na plastiki, na mtu asiyejua magari atadhani una gari la kawaida. Kama hilo linakuuma, jiulize unamnunulia nani.

Njia ya pili ndiyo yenye mitego na ndiyo yenye utamu: sedani iliyokuwa ya kifahari, sasa ina miaka 10 au 15. BMW Series 3 ya kizazi kinachoitwa E90, iliyoanza 2005, ndiyo mfano wa kufundishia, kwa sababu ndani ya umbo moja mna magari tofauti kabisa. Kuna yenye injini ya N52, silinda sita zilizopangwa mstari, bila tabo, petroli ikiingizwa kwa njia ya zamani kabla ya vali. Matatizo yake yanajulikana: pampu ya maji ni ya umeme na hufa bila kupiga hodi, gasketi ya kifuniko cha vali na ile ya kishikio cha filta ya oili huanza kuvuja. Ni kero, siyo msiba. Kisha kuna 335i ya N54 yenye tabo mbili, inayokimbia kama imeiba, na pampu yake ya petroli ya shinikizo kubwa ni maarufu kwa sababu mbaya. Kisha kuna dizeli ya N47, ambayo mnyororo wake wa kamshafti umewekwa nyuma ya injini, upande wa gia boksi. Mnyororo ukilegea, fundi hawezi kuufikia mpaka atenganishe injini na gia boksi. Magari hayo matatu yana milango ya aina moja na dashibodi ya aina moja, na kwenye tangazo yote yameandikwa "BMW 3 Series, safi sana".

Hapa ndipo bajeti ya wastani hupasuka. Bei ya gari hushuka mwaka hadi mwaka, bei ya spea zake haishuki. Gari lililouzwa jipya kwa bei ya magari matatu ya kawaida litaendelea kudai shokapu, sensa na vidhibiti vya bei ya hadhi hiyohiyo hata ukilinunua kwa robo. Zile shokapu zinazobadilisha ugumu kwa kubonyeza kitufe ni tamu zikiwa nzima. Zikifa, moja tu inaweza kugharimu kama seti nzima ya shokapu za kawaida. Kwa hiyo kwenye njia hii ninashauri kitu kinachowashangaza watu: tafuta lenye vikorombwezo vichache. Injini isiyo na tabo, sasipensheni ya kawaida, viti vya kitambaa hata. Gari hilo halina mbwembwe na ndiyo sababu bado linatembea.

Njia ya tatu iko katikati, nayo ni sedani za Kijapani za kusukumwa nyuma zilizozoeleka: Altezza, ndugu yake Lexus IS, na Toyota Mark X iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2019. Mark X yenye injini ya 4GR ya lita 2.5 ni gari tulivu kuliko sifa zake za mtaani. Inaingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za namna hiyo hujenga masizi nyuma ya vali za hewa, kwa sababu petroli haipiti tena pale kuzisafisha. Ikianza kutetemeka ikiwa baridi, hapo ni pa kwanza kushuku. Uzuri wa njia hii ni mafundi: injini ikiwa imefunguliwa na kufungwa na mikono mingi, hata tatizo lake linakuwa na bei inayojulikana.

Njia yoyote utakayofuata, gia boksi inataka neno lake. Manyuali ni rahisi kuitunza, na klachi ni kitu cha kubadilisha bila kupoteza usingizi. Otomatiki nzuri ya leo haina aibu tena. Gia boksi ya ZF ya gia nane, inayopatikana ndani ya BMW na Alfa Romeo Giulia mpya, inabadilisha haraka kuliko mkono wako. Ila baadhi ya watengenezaji wa magari waliandika kwamba oili yake ni ya maisha, wakati ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Maisha ya nani? Ukimuuliza muuzaji oili ya gia boksi ilibadilishwa lini akakujibu kwamba haibadilishwi, umepata pa kushushia bei. Gia boksi za klachi mbili nazo zina makabila mawili: zinazooga kwenye oili, ambazo huvumilia joto la foleni na nguvu kubwa, na zile kavu, ambazo foleni huzichosha. Jua unayoinunua ni ipi.

Asubuhi injini ikiwa baridi

Kuna sedani niliyoipenda sana kupitia picha. Nikamwambia muuzaji nitafika saa moja asubuhi, nikafika saa moja kasoro robo. Niliweka kiganja juu ya boneti, ikawa ya moto. Alikuwa ameshaiwasha, akaipasha, akaizima. Sikumwuliza kitu. Nilisema nitarudi siku nyingine bila kutaja saa, nikarudi baada ya siku mbili, na safari hiyo boneti ilikuwa baridi kama jiwe. Akageuza ufunguo. Kwa sekunde mbili, labda tatu, ilisikika sauti kama ya kayamba kutoka mbele ya injini, halafu ikanyamaza na injini ikatulia kabisa. Huo ulikuwa mnyororo wa kamshafti ukisubiri oili ipande na kukisukuma kifaa kinachoukaza. Injini ikishapata moto husikii lolote, ndiyo maana alikuwa akiipasha.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni injini baridi. La pili ni kipimo cha kompyuta, lakini usiishie kwenye kusoma makosa yaliyohifadhiwa, maana kuyafuta ni kazi ya nusu dakika. Mwambie fundi aangalie kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Makosa yakifutwa, gari huanza upya kujikagua na linahitaji kutembea kwanza. Likiwa linasema halijamaliza, kuna mtu amelifuta karibuni. Injini ya tabo yenye umri, omba apime mgandamizo wa kila silinda. Namba zikaribiane, yenye tofauti kubwa inakuambia habari ya pete au vali.

Kisha piga magoti usome tairi. Pembeni mwa kila moja pana tarakimu nne kwenye kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia pia herufi ya mwendo, H kwa kilomita 210 kwa saa, V kwa 240, W kwa 270. Ukikuta tairi nne za makampuni manne kwenye gari la farasi 270, umeshajua mmiliki alikuwa akibana wapi, na huenda amebana kwenye oili pia. Kwenye gari la kuvuta nne jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu tairi za vipenyo tofauti zinailazimisha difu ya kati kufanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka.

Gari lililochokonolewa linaogopesha kuliko lililotembea kilomita nyingi. Springi zilizokatwa, bomba la hewa lililofungwa kwa vibano vipya, tundu kwenye dashibodi palipokuwa na geji ya tabo, kompyuta iliyoandikwa upya ili farasi waongezeke: hayo yote yanasema injini imeombwa zaidi ya ilichoahidi. Wengi huyarudisha ya asili kabla ya kuuza, ila matundu hubaki.

Kuhusu fedha yenyewe, mimi hutenga robo ya bajeti na kuificha kabla sijatazama tangazo lolote. Robo hiyo ni ya miezi mitatu ya kwanza: oili zote, tairi, pedi, maji ya breki ambayo hunyonya unyevu na hutakiwa kubadilishwa kila miaka miwili hivi, na bushi, zile raba za viungo vya sasipensheni. Uliza bima ya toleo lenyewe, siyo ya jina la gari, kwani toleo la spoti mara nyingi huhesabiwa peke yake. Soma kibandiko cha kifuniko cha petroli pia. Mengi ya tabo yanataka petroli ya daraja la okteni 95 au 98, na ukiyapa ya chini kompyuta inapunguza nguvu kuilinda injini, kwa hiyo unakuwa umelipia farasi ambao hawatoki zizini.

Lile la kayamba sikulinunua. Nilinunua jingine lenye farasi pungufu kama 60, silinda sita, bila tabo, rangi isiyo na mtu anayeitaka. Nilipolipeleka kwenye kona yangu lilikuwa baya: lilipiga ule mshono likaruka kando, nikasahihisha usukani mara mbili. Fundi alilipandisha juu, akaingiza nondo kwenye mikono ya chini ya mbele na kuitikisa, bushi zikacheza kama jino bovu. Muuzaji mwenyewe aliona, tukashusha bei. Nikabadilisha bushi, shokapu mbili za nyuma, nikaweka tairi nne za aina moja na kupanga tairi upya kwa kipimo. Jumamosi iliyofuata niliirudia kona ileile, mwendo uleule, mikono imelegea. Tup, mara moja. Injini sikuigusa.